Masika ya Kula kwa Kujificha

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanza leo, nikiwa katikati ya taarifa ya habari ya asubuhi. Ndani ya studio huisikii, kuta zimevishwa sponji nene. Niliijua kwa kumwona fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, akiinuka kwenda kufunga dirisha la chumba chake. Nikaendelea kusoma. Kazi yangu ndiyo hiyo, kusoma yaliyoandikwa na wengine kwa sauti ambayo watu wananiambia inatuliza. Yangu mwenyewe sijawahi kumwambia mtu. Ndiyo maana nimeanza kuandika.

Nilipotoka, mkuu wa kituo akaniita. Mvua zikiisha tutaanza kurusha habari kwa runinga, na anataka mimi niwe msomaji wa kwanza kuonekana.

"Sauti tunayo, urefu unao," akasema. "Ila hayo mashavu, bwana. Umeficha ndimu humo ndani?"

Akanibonyeza shavu kwa kidole, kama mtu anayechagua papai sokoni. Nikacheka naye.

Mke wangu anachora ramani ofisi ya ardhi, harudi mpaka jioni. Binti yetu huwa shule. Mimi kazi yangu huisha mapema, kwa hiyo mchana nyumba ni yangu peke yangu. Leo nimekula wali wa jana ukiwa baridi, nimesimama, kwa mkono, kutoka kwenye sufuria. Kisha mkate. Kisha maharage yaliyochemshwa kwa ajili ya usiku. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na haraka, kama mtu anayefukuzwa. Halafu nikaenda bafuni nikavirudisha vyote. Mvua ilikuwa inatwanga bati, na nilishukuru kwamba hata jirani tunayegawana naye ukuta asingesikia kitu.

Huu ni mwaka wa nne. Sina jina la kuliita jambo hili. Humu nitaliita lile jambo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Taarifa mbili. Lile jambo.

Jumatano, 13 Machi

Fundi mitambo wetu tunamwita Masikio. Anasikia mbu akitua kwenye kipaza sauti. Ni mtu mnene, mnene hasa, na pale kituoni tumejizoesha kuanza siku kwa mzaha juu ya mwili wake. Leo zamu ilikuwa yangu. Alipoketi, kiti kikalia, nami nikasema mbele ya wote kwamba kiti hicho kimeniomba nikiandikie barua ya likizo. Watu wakashika mbavu. Masikio naye akacheka, akavaa vifaa vyake vya masikioni.

Nusu saa nzima nilijiona mwembamba.

Baada ya taarifa akabonyeza kitufe akaniambia kupitia spika, taratibu, tukiwa wawili tu: "Kaka, leo tumbo lako limesoma habari kabla yako. Na hilo koo, mbona kama limeingia mchanga? Nenda ukaonane na mtu."

Nikamwambia ni baridi ya mvua. Akanitazama kupitia kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumapili, 17 Machi

Binti yetu ana miaka kumi na mitatu. Tunamwita Kasuku kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusoma habari kama mimi, mpaka kikohozi changu akikiiga. Leo amepika yeye, wali na mboga na viazi vya kukaanga. Akatupakulia, akatusimamia kama mhudumu wa hoteli.

"Na wewe sahani yako?" mama yake akamuuliza.

"Nimeonja sana jikoni, mama. Nimeshiba kwa kuonja."

Mke wangu akaniambia kwa furaha kwamba tumepata mpishi. Mimi nilimtazama Kasuku, aliyeketi hatimaye na sahani ndogo, akikata kiazi kimoja vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, akivipanga pembeni mwa sahani bila kimoja kwenda mdomoni. Niliyaona macho yake yalivyokuwa yakihesabu chakula kilichoko mezani. Nayajua macho hayo.

Nikaomba niongezewe wali.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimefanya kitu ambacho hata kukiandika natamani mkono ukatae.

Mke wangu alirudi na njaa, akafungua kabati, mkate haupo. Mzima, wa jana jioni. "Mkate wa nyumba hii umeota miguu," akasema. Kwanza alitania, kisha akanuna kweli, maana si mara ya kwanza. Alitutazama wote wawili. Mkate nilikuwa nimeumaliza mimi adhuhuri, nimesimama palepale kwenye kabati. Nilifungua mdomo niseme jirani alikuja kuazima. Ndivyo ninavyosema kwa kawaida.

Kasuku akanitangulia. "Ni mimi, mama. Nilirudi na njaa nikaumaliza. Samahani."

Mama yake akamsema: mkate mzima, bila hata kubakiza kipande, msichana mkubwa hivi. Kasuku akainamisha kichwa na kupokea. Nami nikakaa kwenye kiti changu, baba wa nyumba, nikitazama runinga iliyokuwa imezimwa.

Sijui kwa nini alisema vile. Naogopa kumuuliza.

Jumatatu, 25 Machi

Jino. Daktari wa meno akanimulika mdomoni, akazima taa yake. Akasema meno yangu ya mbele yamelika kwa upande wa ndani, yamekuwa membamba kama ganda la yai, na tindikali ya tumboni ndiyo hufanya hivyo.

"Unatapika mara kwa mara?"

"Nina vidonda vya tumbo," nikasema, kwa sauti ileile ninayosomea habari.

"Mimi si polisi," akasema. "Kuna mtu hospitali kuu, ghorofa ya pili, anawasaidia wenye shida za namna hii. Ni ugonjwa, na unatibika. Nikuandikie jina lake?"

Nikamwambia haina haja. Nilipofika nje nilikuwa nimeloa jasho, na mvua haikuwa inanyesha.

Jumanne, 2 Aprili

Leo jua kutwa. Nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia friji ikikohoa. Nikafungua redio kwa sauti ya juu ili inifunike, na kumbe ndio muda wa marudio ya taarifa. Nikapiga magoti bafuni huku nikijisikia mwenyewe sebuleni, nimetulia, nikiwaeleza wananchi hali ya barabara.

Jumanne, 9 Aprili

Tumeamka na baridi na Kasuku amevaa sweta mbili. Nikamshika mkono kumvusha kwenye dimbwi la getini, vidole vyake kama vimetoka kwenye barafu. Sketi ya shule ameibana kiunoni kwa pini.

Jioni nikamwambia mama yake, "Huyu mtoto hali."

"Hali vipi na sahani yake inarudi tupu? Anarefuka tu. Hata mimi umri ule nilikuwa mwembamba kama mwiko."

"Sahani kurudi tupu si hoja."

"Kwa nini si hoja?"

Jibu nilikuwa nalo. Najua jinsi sahani inavyoweza kurudi tupu na mtu asiwe amekula, kama ninavyojua jinsi mtu anavyoweza kula na asibaki na kitu. Lakini angeniuliza nimejuaje. Nikasema, "Basi tu, naona amepungua."

"Basi kama ni basi tu, niache nipumzike," akasema mke wangu. Nikamwacha apumzike.

Jumanne, 16 Aprili

Nitaandika yote, nisipoandika leo sitaandika tena.

Simu ilianza kuita nikiwa bafuni. Mvua ilikuwa kubwa, na simu niliisikia kwa mbali, juu ya meza ya kulia. Ikaita ikakatika. Ikaita tena. Nilijua simu inayoita namna ile si ya salamu. Ningeweza kuinuka. Lakini nilikuwa katikati ya lile jambo, na mtu akiwa katikati yake anataka liishe kwanza, hata nyumba ikiungua. Nikamaliza. Nikasukutua. Nikanawa uso. Ndipo nikapokea.

Alikuwa mwalimu wake wa darasa. Kasuku ameanguka kwenye veranda ya madarasa, wamemkimbiza hospitali kuu, wamekuwa wakinitafuta.

Nilimkuta kitandani na dripu mkononi, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Daktari, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa tope kama sisi wote, alinitoa pembeni. Moyo wa mtoto unapiga polepole mno, akasema. Sukari imeshuka. Mwili umekaa muda mrefu bila chakula cha kutosha na sasa umeanza kubana matumizi, kila kiungo kinapewa kidogo. Mikononi ameota vinyweleo laini, mwili unajaribu kujipasha joto.

"Hamkuona chochote nyumbani?"

Mke wangu alikuwa ameingia wakati huo, amelowa, bado amekumbatia bomba la plastiki anamowekea ramani. Akajibu kabla yangu. "Anakula, daktari. Anapika mwenyewe, anakula. Juzi juzi alimaliza mkate mzima."

Kasuku alikuwa amefumba macho. Kope zikacheza.

Mtoto wangu amelala pale kwa sababu hali, na ushahidi kwamba anakula ni mkate niliokula mimi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mtu wa ghorofa ya pili ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Wodini wanamwita Mama Mshauri. Alituketisha wote watatu kwenye chumba kidogo chenye feni isiyozunguka, Kasuku akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu hawataki atembee bado.

Nilianza kuongea mimi. Niliongea vizuri, mpangilio mzuri, tangu lini ameanza kupungua, sweta, pini za sketi, viazi. Nilijisikia nikiongea. Nilikuwa nampa taarifa.

Mama Mshauri akaniacha nifike mwisho. "Asante, baba. Umeona mengi. Sasa ningependa kumsikia mwenyewe."

Kasuku alikuwa akikwaruza utepe wa dripu. Akasema hana la kusema. Mama Mshauri akamwambia si lazima, tunaweza kukaa tu. Tukakaa. Ukimya kazini kwangu ni kosa, sekunde chache na mkuu anagonga kioo. Mle ndani uliachwa ukakua.

Kisha Kasuku akasema, akitazama goti lake, "Mimi sitaki kuwa kama baba."

"Kama baba vipi?"

"Baba anakula halafu anatapika. Kila siku. Mwaka jana nilikuwa nikirudi mapema siku za michezo, nikawa namsikia. Nilidhani atakufa. Nikawa nakaa nyuma ya nyumba mpaka amalize ndipo niingie." Akavuta pumzi. "Anateseka. Nikaona afadhali usile kabisa. Usipokula huna cha kutapika. Halafu nikawa siwezi tena kuacha kutokula."

Mke wangu akanigeukia. Hakugeuza kichwa tu, aligeuka na kiti.

Nimesoma habari za ajali, za mafuriko, za vifo vya wakubwa, na sauti yangu haijawahi kutetereka. Pale nilitafuta neno moja, hata la uongo, sikulipata. Mama Mshauri alikuwa akitazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya paja, kwenye makovu ya vifundo vya vidole, ambayo meno huniachia ninapojitapisha. Nikautia mfukoni. Ndipo mke wangu naye akautazama mfuko.

"Na mkate?" akauliza polepole. "Ule mkate?"

Kasuku akaniangalia mimi.

Mama Mshauri akamwambia Kasuku kwamba alichokisema ni kizito na hakuna atakayemgombeza kwa kukisema. Akatuambia kwamba mtoto hakuupata ugonjwa huu kwa kusikia tu. Mambo mengi hukutana ndani ya mtu. Akasema haya akinitazama mimi, kwa huruma, na huruma ile ilinishinda kubeba. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi. Wagonjwa walikuwa wanapanda na kushuka. Mmoja alinitambua kwa sauti nilipomwambia apite. "Wewe si yule wa redio?" Nikakana.

Ijumaa, 19 Aprili

Mke wangu hajanisemesha. Kasuku amekunywa maziwa nusu kikombe, muuguzi akiwa ameketi pembeni yake.

Jumapili, 21 Aprili

Tumetoka hospitali pamoja, tukakaa garini kwenye maegesho, vioo vikafunikwa na mvuke wa pumzi zetu. Mke wangu ndiye aliyeanza.

"Mimi nilidhani una mwanamke."

Nikamwangalia.

"Mchana simu hupokei. Ukirudi kazini unaoga upya. Unatafuna pipi za mint kama mbuzi. Hela ya matumizi inaisha kabla ya wakati. Mwaka mzima nimekuwa nikimtafuta huyo mwanamke. Afadhali ungekuwa naye, ningejua pa kwenda kugombana. Sasa nikagombane na nani? Na sufuria?"

Nilitaka kucheka na nikaona machozi yamenitangulia. Nikamwambia yote, tangu mwanzo, vile marehemu baba yangu alivyokuwa akinifinya tumbo mbele ya wageni, na vile miaka minne iliyopita nilivyougua tumbo kweli, nikapungua, na kila mtu akanisifu. Vile nilivyodhani naweza kuacha siku yoyote nitakayotaka.

"Na mtoto akasemwa kwa ajili ya mkate wako. Nikamsema mimi. Na wewe umekaa."

"Nimekaa."

"Hilo sijui nitalimaliza lini," akasema. Kisha akafuta kioo kwa kiganja, akaniambia niwashe gari.

Jumatano, 24 Aprili

Leo nimekwenda kama mgonjwa. Wamenitoa damu, wamenipima moyo kwa nyaya kifuani. Potasiamu imeshuka kwa sababu ya kutapika, na daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba moyo ukikosa madini hayo unaweza kusimama wakati wowote, nikiwa natembea, nikiwa nasoma habari. Akanipa dawa ya kuirudisha na tarehe ya kupima tena. Yale mashavu ambayo mkuu anayaita ndimu ni tezi za mate, zimevimba kwa kutapika huko huko. Kadiri nilivyojitahidi kuyapunguza ndivyo nilivyoyajaza.

Mama Mshauri akanieleza kwamba mimi na Kasuku tuna magonjwa mawili yaliyo ndugu. Yeye anajinyima, na akili yake inamwambia ni mnene hata akiwa amebaki mifupa. Mimi nakula kwa pupa nikiwa sijiwezi, kisha nakitoa chakula kwa kutapika. Matibabu yake ni sisi wazazi kushika usukani wa chakula mpaka aweze mwenyewe. Yangu ni kula milo ya kawaida kwa saa zake, nisikae na njaa mpaka nirukie sufuria, na kuja hapa kila wiki kuzungumza. "Na wapo," akasema, "wanaokula kwa pupa na hawatoi. Hao watu huwaita walafi. Huo nao ni ugonjwa, na huenda ndio wenye watu wengi kuliko yote."

Nilipofungua mlango, kwenye benchi la kusubiri alikuwa amekaa Masikio.

Tulitazama ukuta wote wawili. Kuna picha ya figo pale, imechorwa vizuri sana. Ningempita. Tayari nilikuwa nimempita hatua chache. Lakini benchi lilikuwa jembamba, na nilimwona amekaa ukingoni tu, nusu ya mwili hewani, jinsi mtu anavyokaa akiogopa kiti kisilie. Nikarudi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka jana. Nikitoka kazini nilikuwa napitia duka hili na lile, ili muuzaji mmoja asijue nimenunua kiasi gani. Nakula garini. Halafu nalia, halafu naja kazini mnanicheka." Akatabasamu kidogo. "Wewe nilikujua siku nyingi, kaka. Koo lako naliweka kwenye mtambo kila asubuhi. Nilingoja ufike mwenyewe."

"Yule mzaha wa kiti," nikasema.

"Huo ulikuwa mzuri. Ule wa lifti ndio uliniuma. Siku ile nilipitia maduka matano."

Mama Mshauri akamwita. Akainuka akinishika bega. Mimi nikabaki na ule mzaha wa lifti. Siukumbuki hata kidogo. Nimemuumiza mtu na nimesahau kwa neno gani.

Ijumaa, 3 Mei

Kasuku amerudi nyumbani. Mke wangu ameomba likizo. Kasuku anakula nasi mara kadhaa kwa siku na hakuna kuinuka mezani mpaka sahani iishe. Baada ya kula tunakaa pamoja sebuleni, hakuna kwenda bafuni. Agizo hilo linamhusu Kasuku na mimi pia.

Asubuhi ya leo ilikuwa yai moja na kipande cha mkate. Ilichukua asubuhi nzima. Kasuku alilia, akamwambia mama yake anamchukia, akasema tunamnenepesha kama kuku wa kuuza. Mama yake akajibu tu, "Najua ni ngumu. Kula, mwanangu." Akajibu hivyo tena na tena, bila kupandisha sauti. Sikujua kama mke wangu ana uvumilivu wa namna ile. Nimeishi naye miaka yote hii nikidhani ndiye mwenye hasira nyumbani.

Kisha Kasuku akanigeukia mimi. "Wewe kwanza."

Yai langu lilikuwa zima. Nikalila. Lilipita kooni kama jiwe, na wote wawili walinitazama mpaka likafika.

Jumatano, 8 Mei

Nimeanguka. Nilisema nakwenda kununua betri. Choo cha kituo cha mafuta.

Alhamisi, 9 Mei

Nilimwambia mke wangu asubuhi, kabla ya chai. Hakunipigia kelele. Akauliza ilikuwaje, nikamwambia. Akasema, "Betri ulinunua?" Nikasema sikununua. "Basi leo tutakwenda wote kununua," akasema. Tukaenda. Mvua imepungua, ni manyunyu tu. Nilimshikia mwavuli njia nzima.

Jumatatu, 20 Mei

Mkuu wa kituo ameniuliza niko tayari lini kupimwa kwenye kamera. Nimemwambia siwezi kwa sasa, naumwa.

"Unaumwa nini? Mbona mzima wa afya?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi na Mama Mshauri. Nikasema, "Nina ugonjwa wa kula. Nakula kupita kiasi kisha natapika. Natibiwa."

Akacheka kwa nguvu. "Ugonjwa wa kula tunao sote hapa. Angalia Masikio."

Watu wawili watatu waliokuwa karibu wakaanza kucheka, wakanitazama wanisubiri. Nimecheka na mkuu huyu kwa miaka. Leo nikabaki nimesimama tu, masikio yanawaka moto. Upande wa pili wa kioo Masikio alikuwa ameinamia mitambo yake, na alikuwa anasikia, maana kipaza sauti kilikuwa wazi. Nikasema, "Si mzaha, mkuu. Na yeye mwacheni."

Kicheko kikafa vibaya. Mkuu akasafisha koo, akasema nafasi ya runinga itakwenda kwa yule dada wa habari za michezo. Nikasema sawa. Sikujisikia shujaa hata kidogo. Nilijisikia mtu aliyevuliwa shati mbele ya wakwe. Ila niliporudi kwenye kiti changu nilisoma taarifa yote mpaka mwisho.

Ijumaa, 31 Mei

Jua. Barabara zimekauka, watu wametoa magodoro nje.

Kasuku ameongezeka kidogo na daktari amemruhusu kwenda shule nusu siku. Anaichukia mizani, anatuchukia sisi siku za mizani. Mke wangu amerudi kazini wiki hii. Kwa hiyo mchana tumebaki wawili, na chakula cha mchana ni zamu yangu kukisimamia.

Leo niliharibu. Nilirudi na hasira za kazini, nikapasha wali na mchuzi moto kwa ajili yetu, na kabla Kasuku hajatoka chumbani kubadilisha sare nilikuwa nimeshaanza kula kutoka kwenye sufuria, nimesimama. Nilipozinduka nilikuwa nimepita mbali. Nikaenda bafuni nikafunga mlango kwa komeo. Nikapiga magoti.

Hodi ikagongwa, kidogo tu.

"Baba. Nipo hapa."

Nikashika ukingo wa choo kwa mikono miwili.

"Nipo mlangoni. Siondoki."

Uso wangu ulikuwa karibu na sakafu, na nilitamani sakafu ifunguke. Aibu ya kuonwa na mkuu wa kazi si kitu. Mtoto uliyemfundisha kushika kijiko anakuchunga mlangoni.

"Rudi mezani, mama," nikamwambia. "Kunilinda mimi si kazi yako. Umenilinda vya kutosha."

Nilimsikia akiteleza kwenye mlango mpaka akakaa chini.

"Na kunilinda mimi ni kazi ya nani?" akauliza.

Hakuniuliza kwa kunisuta. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Yangu."

"Basi toka, baba. Nina njaa na naogopa kula peke yangu."

Sijamsikia akisema ana njaa tangu sikumbuki lini. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka linauma, na kila kitu mwilini kilikuwa kinanisukuma nimalize kwanza, dakika moja tu, kisha nitoke. Nilikaa na msukumo huo. Haukuisha. Nikainuka nao hivyo hivyo, nikavuta komeo.

Alikuwa amekaa sakafuni, sare yake bado haijafunguliwa vifungo vyote. Hakunitazama usoni, nami nikamshukuru. Nikampakulia kilichobaki, nikaketi kando yake na kikombe cha maji. Alikula polepole sana, akaacha kidogo, nikamwambia amalizie, akanikasirikia, akamalizia. Kisha tukaketi sebuleni, yeye na shibe yake na mimi na yangu, kila mmoja ameshika tumbo lake, tukimsubiri mama yake arudi ili nimweleze.